Vijiko Sita na Kambale Mmoja

Jumatatu, tarehe 12 mwezi wa munane

Leo nimeapa. Chumba cha Jeanine kitakuwa changu.

Naandika haraka, Edmond bado anaoga. Mambo ni haya. Dada yangu Jeanine ana mchumba, Nizeyimana, fundi wa simu, familia ya Masisi; sisi asili yetu ni Bukavu. Jumapili hii wazazi wake wanakuja kwetu kumuomba rasmi. Wakielewana, Jeanine ataolewa, atahama, chumba kitabaki. Kina mlango. Mlango wenye kufuli!

Mimi nina miaka kumi na sita na nalala saloni ya wageni, chini, kwenye matela la sponji, pamoja na binamu yangu Edmond anayekoroma kama pikipiki yenye bomba la moshi lililotoboka. Kila mgeni wa asubuhi ananikuta na kaptula. Mama ananiambia nisalimie. Mimi kusalimia siwezi hata nikivaa suti. Ndani ya daftari mimi ni avoka, wakili wa mahakamani. Mbele ya watu ni kuku aliyenyeshewa.

Papa amesema mezani: kati yangu na Edmond, atakayesaidia zaidi kwa ziara ya Jumapili ndiye atapata chumba. Edmond papo hapo akajitolea kupaka rangi ukuta wa mbele. Mjanja! Kisha wote wakanitazama mimi. Nikasikia sauti yangu ikisema nitaleta samaki. Papa akauliza, kununua? Nikasema kuvua. Kambale, wa kujaza sinia. Edmond akacheka mpaka bugali ikamtokea puani. Jeanine akanyoosha kidole, akaanza kusema kitu juu ya huyo kambale. Nikatoka nje. Sipendi kukatishwa tamaa mapema.

Jumanne, tarehe 13

Siri yangu imo ndani ya simu ya Edmond. (Huwa anaiacha ikichaji. Mimi naazima.) Kuna video ya muzungu mmoja amesimama katika ghuba, maji hayamfiki magoti, anavua samaki wa kichwa bapa, bapa kama kandambili iliyokanyagwa na lori. Hatumii mnyoo. Anatumia chambo cha uongo, kitu cha kung'aa tu! Anakitupa mbali, anakiacha kizame mpaka chini, anakivuta kidogo, kinaruka kama kisamaki chenye kizunguzungu, anakiacha tena. Yule bapa amelala pale chini, anaona, tamaa inamshika. Paf! Nimeelewa kila neno. Kifaransa nina kumi na nne kwa ishirini.

Sasa tufikiri. Nani ana kichwa bapa huku kwetu? Kambale! Maji mafupi tunayo? Ile ghuba ndogo ya ziwa kando ya soko la Kituku, wanakoteka maji akina mama. Kilichobaki ni kitu cha kung'aa.

Mama ana vijiko sita vya arusi, zawadi ya marraine wake wa Bukavu, mama yake wa ubatizo, ndani ya sanduku la velveti nyekundu. Vinatoka siku padri anakuja. Vichwa vyake vimelala ndani ya mfuko wa velveti, mikono tu ndiyo inachungulia. Mungu mwenyewe ndiye aliyepanga lile sanduku. Nimechukua viwili. Msumeno wa chuma, msumari wa kutobolea, ndoano. Nimekata, nikabaki na vichwa. Mikono nimeirudisha, kila mmoja mahali pake. Ukifungua, utahesabu sita. Akili!

Kumbuka: Jeanine siku hizi hanywi chai. Jana alikataa hata mishikaki ya nguruwe. Anajikondesha kwa ajili ya arusi. Kazi kwake.

Jumatano, tarehe 14

Ghuba, saa kumi na mbili asubuhi. Maji ya magoti. Baridi ya kusahau jina lako.

Muzungu wa video alikuwa na mchanga. Hakuna aliyeniambia kwamba chini ya maji ya Goma kuna mawe ya volkano, na kila jiwe lina meno. Nilitupa vizuri sana. Kijiko kikazama. Nikavuta kidogo. Kikashikwa! Kizito! Nikapiga kelele, mimi, mbele ya watu! Akina mama wakaacha bidoni zao, wakaja kuona. Nilikuwa nimevua Goma. Mji wote. Nailoni ikakatika.

Kijiko cha pili kilinasa bidoni ya mama mmoja. Akaniuliza kama nataka kumuibia au kumsaidia. Haya ikanijaa. Nikajibu kumsaidia. Nikabeba lita ishirini mpaka barabarani, na kijiko changu kinaning'inia kwenye mkono wa bidoni kama hereni. Nikaona aibu kukidai. Kikaenda zake na bidoni juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao.

Nyumbani Edmond amemaliza nusu ya ukuta. Akauliza samaki wako wapi. Nikasema wamegusa sana. Usiku nimekata viwili vingine.

Alhamisi, tarehe 15

Kijiko cha tatu, jiwe. Cha nne, jiwe lile lile. Nadhani.

Mama Dative, yule anayeuza samaki Kituku, alinitazama asubuhi yote kama mtu anayetazama mpira. Mwisho hakuvumilia. Akapaza sauti kila mtu asikie: "Bagalwa, mutoto yangu, unalisha mawe na vijiko, mawe yatakushukuru lini?" Wenzake wakacheka mpaka beseni zao za sambaza, dagaa wa ziwa letu, zikatikisika. Akaendelea kwamba kambale hana shida na vya kung'aa. Kambale ana ndevu, na ndevu zake ni pua. Mtu amletee harufu, tena pale mfereji unapoingia ziwani, kwenye matope, si hapa kwenye mawe. Kichwani nikamjibu kwa hoja tatu za kisayansi. Kwa mdomo nikasema ndiyo mama.

Nyumbani Papa na Jeanine walikuwa wakibishana juu ya siku. Papa angependa wageni waje Jumamosi. Jeanine akasema Jumamosi haiwezekani kabisa, wako kanisani siku nzima. Jumamosi? Labda korali yao iko nyuma sana na mazoezi. Kisha akamvuta Edmond pembeni, akamnong'oneza kitu huku akinionyesha mimi kwa kidevu. Edmond akaitikia kwamba ataniambia yeye mwenyewe, asiwe na wasiwasi.

Hajaniambia kitu. Amepaka rangi huku akitabasamu ukutani.

Ijumaa, tarehe 16

Kijiko cha tano. Sitaki kuongea.

Mama amefuta vumbi kwenye sanduku la velveti na kulifungua mbele yangu. Akahesabu mikono, moja mpaka sita, akalifunga. Akasema siku ya kesho kutwa muzee Havugimana, baba yake Nizeyimana, atakula na kijiko cha marraine, apende asipende. Nikasema ni heshima kubwa. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtoto wa paka.

Jumamosi, tarehe 17

NIMESHIKA! Narudia kwa ajili ya historia: NIMESHIKA!

Kijiko cha sita, cha mwisho. Nilisogea mpaka kwenye mfereji, kwenye matope na majani. (Nilikuwa nimepanga hivyo tangu mwanzo.) Mama Dative akaja nyuma yangu, akaninyang'anya kijiko, akakipaka matumbo ya kuku kote kote, akanirudishia bila hata kuomba ruhusa. Nikatupa. Nikaacha kizame. Nikavuta kidogo, kama kisamaki chenye kizunguzungu. Nikaacha. Paf!

Kambale wa urefu wa mkono wangu! Kichwa bapa, mdomo mpana, ndevu nane, anafanana na prefe, mkuu wetu wa shule, siku ya matokeo. Amekimeza kijiko chote. Hiyo ndiyo nguvu ya chambo cha uongo na ufundi wa kukirusha. Suala la matumbo ya kuku halina uzito, na nimelitaja hapa tu.

Nikamfikisha nyumbani ndani ya gunia, hai. Edmond alimtazama dakika nzima, akatangaza mbele ya wote kwamba nimemnunua kwa Mama Dative. Papa akatikisa kichwa kwa huzuni, akaniambia uongo haumpendezi kijana. Wiki nzima nimedanganya, hakuna aliyenishtaki. Siku moja nimesema kweli, imekosa mnunuzi.

Haidhuru. Mama alitaka kumkata jioni hii. Nimemsihi amwache: wageni wamwone kwanza akiwa hai, wajue familia hii si ya kubahatisha. Amelala ndani ya beseni nyuma ya mlango wa jikoni. Jeanine hajamwona, amelala kwa mama mdogo anakosukwa nywele.

Chumba ni changu. Nimeshapima pa kuweka matela.

Jumapili, tarehe 18

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa nne wageni wakafika. Muzee Havugimana, mrefu, kofia mkononi. Mke wake, viatu vyeupe. Nizeyimana akitoka jasho. Tukakaa. Muzee akaomba tufunge macho tusali. Sala ikawa ndefu, ya kuanzia Edeni. Tulipofika Misri nikasikia sauti kutoka jikoni. Shwaa. Halafu ptap, ptap, ptap.

Nilisahau jambo moja juu ya kambale. Anatembea.

Nikafungua jicho moja. Alikuwa ameshavuka mlango, anajikokota kwa mapezi yake juu ya simenti, polepole, kama mtu aliyechelewa misa. Ningeweza kusema kitu. Mutu yeyote mwenye mdomo angesema. Mimi nikafumba jicho nikatumaini. Akapita chini ya meza, akaweka ndevu zake juu ya kiatu cheupe cha mama mkwe.

Kile kilio kilisikika mpaka Munigi, nje ya mji.

Mama mkwe akapanda juu ya kiti. Nizeyimana akasema Yesu, si kwa sala. Edmond akajitupa chini ya meza, akamkumbatia kambale kwa mikono miwili, akainuka naye kifuani kama shujaa. Ndipo Jeanine akalia kwamba hawa ni Wasabato! Kwamba hawali samaki asiye na magamba, hata kumleta mezani ni matusi! Kwamba alimwambia Edmond tangu Alhamisi anionye! Edmond akatazama dari. Nikaelewa chai. Nikaelewa nguruwe. Nikaelewa Jumamosi. Vyote pamoja, kama mtu anayeshushiwa gunia la makaa kichwani.

Mama, maskini, akataka kuokoa heshima ya nyumba. Akasema chakula kiko, wali uko, maharage yako. Akaleta sanduku la velveti mwenyewe, akafungua, akachomoa kijiko cha marraine na kumkabidhi muzee Havugimana kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa.

Mkono mtupu. Bila kichwa.

Muzee akaugeuza. Akautazama upande huu na upande huu. Mama akachomoa cha pili. Akachomoa cha tatu. Akaacha kuchomoa. Jeanine alikuwa analia kweli sasa, si kwa sauti, ile ya mabega. Hapo, nakiri, sikufikiria chumba. Kwa muda mfupi.

Halafu muzee akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaomba kitambaa. Akamwambia mke wake ashuke kitini, wamepatikana! Akasema kwao Masisi pia mkwe hujaribiwa: unaomba binti, wanakuletea bibi kizee aliyefunikwa shuka, wanakuambia chukua huyu. Lakini watu wa Bukavu, eh, Papa Jeanine, hawa ni kiboko! Wamemletea mnyama ambaye yeye haruhusiwi kumla, na kijiko kisichoweza kulisha. Ameelewa maana: ukichukua binti wa nyumba hii, unaacha nyumba na mikono bila vichwa. Akasimama, akaweka kofia, akaahidi mbele ya wote kwamba siku ya arusi watarudisha vijiko sita vizima, na binti atoke kwa heshima. Nizeyimana akapiga makofi kabla ya wengine.

Papa yangu, anayenikemea kwa uongo mdogo mdogo, akakohoa. Akasema ndiyo, muzee, umetambua vema. Hiyo ni desturi ya mababu zetu. Ya zamani sana.

Tangu Jumanne.

Jumatatu, tarehe 19

Hukumu imetoka asubuhi. Jeanine anaolewa mwezi wa kumi na mbili. Amenikumbatia, kisha amenipiga kofi, kisha amenikumbatia.

Chumba amepewa Edmond. Papa anasema alipaka ukuta, tena ndiye aliyeshika kambale kwa mikono mitupu, watu wote wameona. Yangu mimi nani ameona? Mama Dative. Nilimwendea aje kushuhudia. Akasema atakuja kwa furaha, na atawaeleza pia habari ya matumbo ya kuku. Nikamwambia basi, mama, asisumbuke.

Adhabu yangu ni hii: muzee Havugimana amewasimulia ndugu zake wote ile desturi, wanataka kuisikia yote kwenye arusi, na Papa ameamua atakayesimama kuieleza ni mimi. Kwa mikrofoni. Mbele ya familia mbili. Nusu Kiswahili, nusu Kifaransa. Nina homa tangu saa mbili.

Kambale tulimla jana jioni. Nikapewa kichwa. Kina mifupa tu, na kile kijiko ndani yake.

Lakini nimekaa saloni, nimefikiri kwa utulivu, na nimeona kosa langu liko wapi. Si uongo. Si mawe. Si Wasabato. Ni kipimo. Kijiko kidogo, kambale mdogo. Ningeleta samaki ambaye Edmond hawezi kumkumbatia, chumba kingekuwa cha nani leo?

Jikoni, ukutani, umetundikwa upawa wa supu wa Mama. Mkubwa, wa aluminiamu, unang'aa mpaka huku nilipo. Mkono wake ni mrefu. Nikikata vizuri nitaurudisha kwenye msumari wake, ncha iliyokatwa imefichwa nyuma ya sufuria.

Nani atajua?