Sungura wa Ngome Mbili

Jumatano, 14 Mei

Tumefika pwani salama, wastaafu wa posta thelathini na mmoja pamoja nami, na mifuko yetu ya dawa. Ziara ya kumi na mbili chini ya uongozi wangu. Huenda ikawa ya mwisho, kwa sababu Osvaldo Traverso, aliyegonga mihuri dirisha la pili maisha yake yote, ametangaza kwamba Jumapili atagombea uongozi. Ametangazia ndani ya basi langu. Kwa kipaza sauti changu!

Anadai mimi huwapeleka watu kula badala ya kuona ngome na vijiji vya kale. Uzushi mtupu. Mwaka jana tuliona ngome mbili, moja kupitia dirisha la mkahawa.

Bila uongozi mimi ni nani? Mzee wa kutumwa mkate. Mke wangu Iride, naye wa posta, anasema hiyo nayo ni kazi.

Alhamisi, 15 Mei

Dawa ya Osvaldo nimeipata. Wenzangu walipolala mchana, nilipanda Roccasera, kijiji kilichojibana kileleni chini ya ngome yake. Bi Delfina na wapishi wenzake watatulisha kesho saa sita kamili. Sungura kwa zeituni. Alinikazia macho akauliza kama mimi ni mtu wa kitunguu saumu. Nikaapa kwamba sungura asiye na kitunguu saumu ni paka.

Kisha nikavuka bonde hadi Castelgrillo, kilima cha pili. Vijiji hivi havipikiki chungu kimoja. Kila kimoja kinadai ngome yake ndiyo iliyotimua maharamia, na wale wa ng'ambo walijificha na mbuzi. Huko Bi Ermelinda akaniuliza swali lile lile. Nikaapa kwamba kitunguu saumu ni cha kufukuzia mbu. Chakula saa nane.

Ngome mbili, karamu mbili, siku moja. Nani atampa Osvaldo kura?

Ijumaa, 16 Mei

Nimehujumiwa.

Roccasera mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Niliwanong'oneza wenzangu wasile sana. Nani alinisikia? Walikomba mchuzi kwa mkate mpaka sahani zikang'aa. Mimi nilikula mbili, kwa adabu tu. Osvaldo peke yake hakuketi. Alikwenda kuikagua ngome na kijitabu chake, akapotelea huko saa nzima. Bi Delfina alinuna, akaniuliza kama huyo rafiki yangu ni mgonjwa au hana adabu. Nikamwambia vyote viwili.

Ndani ya basi niligawa mnanaa. Tafuneni, nikawaambia, ni kwa afya. Iride akanirudishia wake. "Umefanya nini tena, wewe mwanamume?"

Nilisahau jambo moja, tena mimi mzaliwa wa pwani hii hii: mgeni huku hupigwa busu, shavu la kulia na la kushoto. Bi Ermelinda alimbusu wa kwanza, akasita. Wa pili, akarudi nyuma hatua moja. Wa tatu nilikuwa mimi.

"Mmetoka kwa Delfina," alisema taratibu. Nyuma yake wanawake saba wakavua aproni.

Nikamweleza kwamba hiyo ni harufu ya basi.

"Baba," akasema, "basi halili sungura."

Ndipo akashuka Osvaldo, wa mwisho, na kijitabu chake. Alibusiwa. Akanuswa. Akabusiwa tena. Meza ilikuwa ya watu thelathini na mmoja, naye akaketishwa peke yake katikati. Akala sahani nne polepole, sisi tumesimama juani. Halafu Bi Ermelinda akamshika mkono, akamfungulia mnara ambao wageni hawafunguliwi, na wenzangu wote wakafuata nyuma wakimpigia makofi. Watu walioshiba kwa jasho langu!

Hata Iride alipanda. Amerudi akisema bahari inaonekana vizuri ajabu kutoka juu, na Osvaldo anaeleza mambo yakaeleweka. Nimelala ukingoni mwa kitanda, kumpa nafasi ya kutafakari.

Jumapili, 18 Mei

Osvaldo kura thelathini. Mimi moja.

Iride anaapa kwa roho ya mama yake kwamba hiyo moja ni yake. Lakini na mimi nilijipigia. Nakumbuka vizuri, nilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Watu wawili, kura moja! Hata mtoto wa chekechea anaona kwamba nimeibiwa. Nilidai kura zihesabiwe upya, zikahesabiwa, na wizi ukajirudia vile vile mbele ya macho yangu. Ile moja ilikuwa na tundu. Iride alikuwa akitazama dari.

Sikukata tamaa. Kosa langu lilikuwa woga: vijiji viwili ni vichache. Nimekwisha piga simu vijiji vitatu vyenye ngome kwa ajili ya mwakani, kila kimoja nikikihakikishia kwamba tutakula huko tu.

Safari hii sitafanya kazi na wasaliti. Katika hoteli nzima nimebakiwa na mtu mmoja wa kumwamini, kwa hiyo nimemteua Iride kusimamia kampeni yangu na kuzitunza kura zangu. Amekubali papo hapo.