Ndoano Nyembamba za Shemeji Dewey

Jumatatu, 15 Aprili

Dewey tena! Kaja kwetu, kamaliza mikate midogo na mchuzi wote, kisha akanipigapiga mgongoni na kuniambia Jumamosi nisijisumbue kwenda ziwani. Lurleen, mke wangu, akacheka. Ni kaka yake, atakosaje kucheka! Mshindi wa mashindano ya klabu yetu ya uvuvi Jumamosi anakwenda fainali ya Alabama na mwenzi atakayemchagua mwenyewe: boti moja, gunia moja la samaki wa wote wawili, mizani moja. Fainali hiyo naitamani tangu nina nywele. Kila mwaka anakwenda Dewey, na kila mwaka anamchukua mtu mwingine. Inaniuma mpaka mifupani.

Jumatano, 17 Aprili

Nimepata dawa yake. Dewey huvua samaki aina ya besi kwenye magugu mazito, kwa mshipi mnene, na huvuta kama anang'oa kisiki. Pale panataka ndoano nene. Ndoano nyembamba huzama upesi mdomoni mwa samaki, lakini kwa mvuto ule itanyooka kama msumari. Basi! Nimeyeyusha madini ya risasi gerejini, nimemtengenezea vyambo vya ndoano nyembamba, na sketi za nyuzi za mpira juu yake za kuficha ndoano, nzuri ajabu. Vyangu nimetia nene. Nikampelekea zawadi. Akaguna, akauliza leo jua limechomoza wapi. Nikamwambia, ah, shemeji, kwani sisi si ndugu?

Jumamosi, 20 Aprili

Laana! Jana Dewey kateguka bega akibeba mashine ya kufulia. Hawezi kuvuta kwa nguvu. Leo akayaacha magugu, akaenda kwenye mawe, maji maangavu, na ufito laini wa kuvulia na mshipi mwembamba. Anagusa tu, ndoano inazama. Ndoano zangu! Mimi nilikuwa nimeyawahi magugu yake tangu alfajiri. Nikaopoa kobe. Kobe mwenyewe kaning'ata.

Kwenye mizani Dewey, mshindi tena, akapaza sauti mbele ya klabu nzima: "Hizi kazi za shemeji yangu, jamani! Fainali nakwenda naye!" Akanikumbatia kwa mkono wake mzima. Nikalia. Lurleen anadhani ilikuwa furaha.

Jumapili, 21 Aprili

Kanisani kila mtu kanishika mkono kuniambia nina bahati ya kuwa na shemeji kama Dewey. Bahati! Hata fainali yangu imekuwa sadaka yake!

Daktari kamkataza kuvuta kwa nguvu mpaka Juni, na fainali ni Mei, kwa hiyo ameagiza vyambo vilevile vya fainali. Sawa. Nimemtengenezea vya ndoano nene kuliko zote, na ncha nimezipitisha tupa kidogo ziwe butu. Sketi ni zilezile, hatajua. Samaki watamgusa kutwa nzima na wote watamponyoka. Tayari nawaona Alabama nzima wamesimama pale, gunia letu linaning'inia kwenye mizani, tupu kabisa. Ah, Dewey, utaaibika wewe!