Jinsi Wangeci wa Mugutha Alivyoilinda Swichi Famwea Ikiingia kwenye Doki

Sogeeni, enyi watu wa Ruiru na wa Thika, nanyi wa Juja mnaopenda kusema mko katikati ya yote. Vuteni viti vyenu vya plastiki, lazeni simu zenu kifudifudi, muwatulize watoto kwa andazi, kwa maana leo nawasimulia kisa kikuu ambacho gazeti halikukiandika wala redio haikukitangaza. Nawasimulia siku ambayo binti mmoja, asiye na silaha ila kiganja chake cha kushoto, alisimama mbele ya swichi ya ukutani kwa dakika thelathini na saba, wala hakumpisha mtu.

Nawe, ewe Stima, mwepesi wa kuja na mwepesi zaidi wa kuondoka, uliyekaa kwa utulivu siku ile kama mgeni aliyeahidiwa chapati, nipe nguvu nikimalize kisa hiki kabla hujabadilisha nia.

Katika ghorofa ya pili ya jengo moja la Ruiru, juu ya karakana ya kuchomelea milango ya chuma, upo ukumbi ambamo vijana waliomaliza masomo, na ambao masomo nayo yamekaribia kuwamaliza, hukodi meza na intaneti wakitafuta kazi. Katika meza ya katikati, mithili ya mfalme mfupi, hukaa Doki. Ni kisanduku cheusi kisichozidi nusu mkate. Ukikichomekea waya mmoja kutoka kwenye laptopu yako, chenyewe hukupa kwa upande wa pili kila baraka: skrini kubwa, kibodi, kamera, intaneti. Sote tuliitumia Doki. Hakuna aliyewahi kuiuliza hali.

Mlezi wa vifaa vya ukumbi alikuwa Wangeci wa Mugutha, Mfumbua Nyaya Zilizosokotana, Msoma Maelekezo Mpaka Ukurasa wa Mwisho, aliyehitimu chuo mwaka juzi na bado akiamini kwamba kila kitu kilichoharibika kinangoja tu mtu wa kukisikiliza.

Ikawa Jumanne ya mwezi wa saba, baridi ya gathano, kipupwe cha kwetu, imeukalia mji, akaingia Khamisa kutoka Thika akiwa amekumbatia laptopu yake kama mtoto mwenye homa. Khamisa ni mchora ramani za nyumba. Kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa ametuma maombi ya kazi mpaka barua pepe yake ikachoka, na hatimaye kampuni moja ya ujenzi ilikuwa imekubali kumsaili kwa video, siku ile ile, saa tano kamili. Walitaka achore ngazi huku wakimtazama. Lakini skrini ya laptopu yake ilikuwa imekufa, kwa kuwa mjomba wake, mtu mzito na mwenye heshima, aliikalia kwenye arusi. Na programu ya kuchorea ilikuwa imefungwa ndani ya mashine hiyo moja, haihamishiki. Na mashine yenyewe ilikuwa na tundu moja tu. Njia ya Khamisa kuuona ulimwengu, na ulimwengu kumwona Khamisa, ilipita katika Doki peke yake.

Akachomeka. Skrini kubwa ikawaka, nasi tukashangilia. Baada ya dakika nne ikazima, ikawaka. Baada ya dakika nne nyingine ikazima tena, ikawaka, kama mtu anayekukonyezea sokoni.

"Wange," Khamisa akasema kwa sauti ndogo, "itanifanyia hivi mbele yao?"

Wangeci akapiga magoti mbele ya Doki, akaichomeka kwenye laptopu yake mwenyewe, akaihoji. Na hapo ukweli ukafichuka, wa kututia aibu sote: famwea ya Doki, yaani ile programu ndogo iliyo ndani ya kifaa chenyewe na kukikumbusha kazi yake kila asubuhi, ilikuwa ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Mara nne waundaji walikuwa wametoa famwea mpya. Mara nne hakuna aliyeipelekea. Na katika orodha ya marekebisho, mstari wa tatu, yaliandikwa maneno ambayo Wangeci aliyasoma kwa sauti kama wakili: skrini kuzima na kuwaka yenyewe, imetatuliwa.

"Sikiza, dadangu," akamwambia Khamisa, akiwa bado magotini. "Naweza kuiwekea famwea mpya sasa. Itachukua kama nusu saa. Skrini itakuwa giza, na hesabu inaweza kusimama mahali pamoja mpaka uone imekufa. Haijakufa. Lakini stima ikikatwa katikati, hapo kweli itakufa, na haitafufuka. Tukiiacha hivi, itakukonyezea mpaka mwisho. Chagua."

Khamisa akatazama saa. Ilikuwa saa nne na robo.

"Ikizima nikichora, watadhani ni mimi sijui kazi," akasema. "Weka."

Wangeci akabonyeza. Skrini kubwa ikawa nyeusi, taa ndogo ya Doki ikawa nyekundu, na kwenye laptopu ya Wangeci asilimia zikaanza kupanda: tatu, kumi na moja, ishirini na tisa, kama jeshi linalopanda kilima bila ngoma. Yeye mwenyewe akasogea ukutani, kwenye swichi iliyoilisha Doki stima, akaifunika kwa kiganja.

Asilimia sitini na saba. Jeshi likasimama.

Likasimama dakika moja. Likasimama dakika tano. Ukumbi mzima ukaacha kazi na kuja kutazama, kwa maana hakuna kitu kinachowavuta watu kama kifaa cha mwenzao kilichoharibika. Na hapo ndipo ziliposikika ngazini hatua nzito za Mzee Mutisya.

Mzee Mutisya wa Kalimoni, Mshika Funguo, Bwana wa Geti na wa Tangi la Maji, amelilinda jengo hilo miaka kumi na moja, na katika miaka yote hiyo ametengeneza kila kitu kwa dawa moja. Dawa hiyo ni kuzima na kuwasha. Aliitazama Doki kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyechelewa kuletwa.

"Hii imeshika," akatangaza. "Wangeci, toa mkono. Tunazima, tunahesabu mpaka kumi, tunawasha."

"Hapana, Mzee."

"Hapana?" Akatugeukia sisi wote, kama mtu anayehutubia baraza. "Pampu ya maji ilipokataa, nani aliizima akaiwasha?"

"Ni wewe, Mzee," tukajibu, kwa kuwa ni kweli.

"Na mashine ya chapa, siku ile ilikuwa inatoa karatasi kama imerogwa?"

"Ni wewe."

"Na TV ya kanisa, Pasaka, pasta ameshasimama?"

"Ni wewe, Mzee!"

"Sasa huyu msichana ananiambia hapana. Mimi sijawahi kushindwa na kitu yenye iko na swichi!"

Jamaa mmoja, Muzammil, anayetafsiri mikataba karibu na dirisha, akamuunga mkono: "Wange, wacha azime tu. Hata simu yangu ikishika nafanya hivyo."

"Simu yako uliinunua ikiwa imeshika," Wangeci akamjibu, wala hakuondoa kiganja.

Lakini pigo zito halikutoka kwa Mutisya wala kwa Muzammil. Lilitoka kwa Khamisa. Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na nane. Asilimia bado sitini na saba. Naye akamshika Wangeci mkono, machozi yamemjaa.

"Wange, tafadhali. Imebaki dakika ishirini na mbili. Labda mzee anajua. Mwache azime."

Enyi wasikilizaji, ni rahisi kumlinda mtu dhidi ya adui zake. Jaribu kumlinda dhidi ya hofu yake mwenyewe, huku amekushika mkono na anakuita kwa jina. Wangeci akamtazama Khamisa, akaitazama na ile taa nyekundu. Kwa muda wa pumzi mbili historia ya Ruiru ilining'inia pale.

Kisha akamgeukia Mutisya, sauti yake ikawa ya chini, ya adabu.

"Mzee, ile mashine yako ya vifaranga kule Kalimoni inaendeleaje?"

Mutisya akashtuka. "Ya mayai? Iko sawa. Ina mayai tisini. Leo ni siku ya ishirini."

"Siku ya ishirini. Na umeifungua leo, ukaangalia?"

"Aiee!" Mzee akapandwa na hasira za kitaaluma. "Siku ya ishirini unafungua aje? Ukifungua unyevu unatoka, ganda linakauka, kifaranga anakwama ndani anakufa! Kutoka siku ya kumi na nane hufungui, hugeuzi, hugusi. Hata mke wangu anajua."

"Na ndani yake unaona nini?"

"Huoni kitu. Mayai yamenyamaza tu. Unaweza dhani yote ni viza."

"Na mtu akija akuambie, Mzee, imeshika, tuzime tuwashe?"

Mzee Mutisya akaitazama Doki, na taa yake nyekundu, na skrini yake nyeusi. Akavua kofia.

"Kumbe inaatamia," akasema polepole. "Si mngesema?"

Na tangu dakika hiyo, jengo halikuwa na shujaa mmoja bali wawili. Mutisya akatwaa kiti, akaketi kando ya Wangeci akiupa ukuta mgongo, akatutazama sisi wote kama wezi wa mayai. "Mtu asikanyage hiyo waya," akaamuru. "Muzammil, rudi kwa dirisha. Wewe na simu yako."

Kama waliosubiri heshima hiyo tu, wale askari wa asilimia wakaanza kupanda. Sitini na nane. Themanini. Tisini na moja. Ndipo taa za ukumbi zikafifia, zikarudi, zikafifia tena, na kutoka chini ukapanda mlio kama wa mafuta yanayomwagiwa maji. Eddie, mchomeleaji wa milango, alikuwa ameanza kazi.

Mutisya akaruka dirishani kwa wepesi ambao magoti yake hayakuutarajia.

"We Eddie! Wacha kuchoma!"

"Mzee, niko na geti ya mtu hapa! Anaikujia saa sita!"

"Nasema wacha! Kuna kitu inazaliwa huku juu!"

Mlio ukakatika. "Kuna nini?"

"Inazaliwa! Imebaki kidogo tu! Weka hiyo kitu chini!"

"Ai, Mungu wangu," Eddie akasema, na kweli akaiweka chini.

Na sasa sikilizeni jinsi habari zinavyosafiri Ruiru. Kabla asilimia haijafika tisini na tano, mlango ulifunguka kwa kishindo akaingia Wamboi, muuza chai wa pale chini, akiwa na thamosi mkono mmoja, maji moto mkono mwingine, na leso safi begani.

"Yuko wapi mama?" akauliza. "Nani anazaa? Mbona mmesimama tu kama miti, nyinyi wanaume? Tokeni nje!"

"Mama, ngoja hapo," Mutisya akamnong'oneza. "Bado kichwa."

Wamboi akaona Wangeci amesimama, kiganja ukutani, jasho usoni, akaanza kumpangusa kwa leso bila kuuliza zaidi. Wala Wangeci hakumkataza. Tisini na nane. Tisini na tisa. Tisini na tisa ikakaa, nami nakumbuka niliombea kile kisanduku kama ninavyowaombea wagonjwa wa nyumbani kwetu.

Mia.

Taa nyekundu ikazima, ikawaka nyeupe. Wangeci akauhamisha waya kwenye laptopu ya Khamisa, na skrini kubwa ikajaa nuru, na humo ramani ya nyumba ya vyumba vitatu, kila mstari mahali pake. Ilikuwa saa nne na dakika hamsini na mbili.

Wamboi akajaza kifua. Desturi ya kwao ni ngemi, yaani vigelegele, tano mtoto akiwa wa kiume, tatu akiwa wa kike, naye akauliza, kinywa tayari: "Ni kijana ama ni msichana?"

"Ni famwea," akasema Wangeci.

"Ya kiume?"

"Mama, tafadhali, mahojiano yanaanza!"

Basi Wamboi akazifunga ngemi zake kooni, akaketi nazo. Tukajipanga ukutani, nje ya jicho la kamera, hata Eddie, aliyekuwa amepanda juu na miwani yake ya kuchomelea. Saa tano kamili zikatokea nyuso tatu kwenye skrini, na mmoja wao akauliza: "Bi Khamisa, unatuona vizuri?"

"Nawaona nyote," Khamisa akasema.

Akachora ngazi. Dakika nne zikapita, na skrini haikukonyeza. Dakika nane. Dakika ishirini. Walimuuliza kwa nini ameweka dirisha pale ngazi inapokata kona, akawajibu kwamba mtu anayepanda akiwa amechoka anahitaji kitu cha kutazama, nao wakatazamana. Dakika ya arobaini na tatu yule wa katikati akasema, "Njoo ofisini Jumatatu, tukuonyeshe meza yako," na nyuso zikatoweka kwa heshima, zote kwa pamoja, kwa kuwa mazungumzo yalikuwa yamekwisha na si kwa sababu nyingine yoyote.

Ndipo Wamboi alipozifungulia ngemi zake. Nilihesabu nane. Tulipomuuliza kwa nini, akasema yeye haelewi hiyo kitu ni ya kiume au ya kike, na msichana aliyesimama hivyo bila kupewa hata kiti hawezi kupunjwa ngemi. Khamisa alikuwa amemkumbatia Wangeci, analia na kucheka; na kiganja cha Wangeci, nilikiona kwa macho yangu, kilikuwa na alama ya swichi katikati.

Mzee Mutisya hakungoja chai. Alishuka getini, akafungua kitabu cha wageni, ambamo hakuna kiumbe aliyewahi kuingia jengo lile bila kuandikwa, akalamba kidole, akaandika kwa herufi kubwa ambazo zipo hadi leo kwa yeyote anayetaka kushuhudia. Jina: Famwea. Anatoka: kwa mtandao. Anamwona nani: Wangeci. Saa ya kuingia: nne na dakika hamsini na mbili. Kwenye saa ya kutoka alifikiri kidogo, akaandika: huyu anakaa.