Nakati Zangu na Jirani Asiyejua Kusoma

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshtuka. Chai imepoa, sijainywa. Nnaalongo, mama mwenye nyumba, kapita kibarazani na ndara zake, pwata pwata, katangaza kama msomaji wa taarifa ya habari. Jumatatu ijayo analetewa tangi la maji. Litakaa hapa hapa, kando ya bomba. Kwa hiyo magunia ya mboga ya vipofu wake wawili hayataenea. Ya mmoja yatabaki, ya mwingine yaondoke!

Hukumu ni Jumapili. Kaka yake anakuja na wageni kutoka Masaka. Atawapikia mboga zangu, nakati, sufuria moja, na nakati za jirani yangu Perusi sufuria nyingine. Zitakazosifiwa ndizo zitakazobaki.

Yaondoke! Magunia yangu mawili! Macho sina tangu utotoni, lakini miaka thelathini nilikuwa opereta wa simu, na Kampala nzima ilinihitaji. Leo ananihitaji nani? Nakati. Kila alfajiri napitisha vidole kwenye majani, natoa viwavi, nagusa udongo nijue kama una kiu. Nikinyang'anywa hayo, nitabaki mzee wa chumba kimoja na redio.

Perusi Nabbosa yeye kapofuka ukubwani, miaka minne tu iliyopita. Anafuma sweta, anaimba kwaya, ana mdomo. Nukta nundu hajui hata herufi moja. Ndiyo maana shajara hii naiacha wazi kwenye benchi letu. Nnaalongo ana macho, ila maandishi haya kwake ni matobo tu. Perusi hana macho wala hajui. Salama salimini.

Jumanne, 4 Machi

Perusi kaenda dukani. Nimepima jani lake kwa uzi. Jamani! Pana kuliko kiganja changu! Nimepima tena, nikidhani nimeshika jani la mgomba. La kwangu linaishia kwenye kiungo cha pili cha kidole.

Mpango: mbolea ya kuku, mbichi, kutoka kwa jirani wa nyuma. Wanaosubiri iive ni waoga. Mbichi ina nguvu zote. Nimeandika hapa, sasa naenda kuoga.

Jioni. Maajabu! Bila kuulizwa, Perusi kaanza kunisimulia habari za marehemu bibi yake. Eti alikuwa akisema mbolea ya kuku mbichi huunguza mizizi, lazima iachwe wiki kadhaa kwanza. Nani kamuuliza? Nimemwambia asante nyabo, bibi yako alikuwa na hekima. Moyoni nimecheka. Ananiogopa huyu! Basi naweka mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Majani ya gunia la kwanza yakiguswa yanalia kwacha kwacha. La pili limelala kama limefiwa. Nimemwagia maji ndoo tatu, harufu ndiyo imezidi. Nnaalongo kapita kauliza nani kaoza humu. Perusi kanipa pole. Kasema ssebo, ni hili jua kali la siku hizi. Jua! Mvua ya siku tatu mfululizo, na yeye anasema jua! Halafu kakohoa kikohozi kirefu, kile cha mtu anayebana kicheko.

Sikulia. Nilikaa tu kwenye benchi, mkono ndani ya gunia.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango! Naandika upesi usije ukaniponyoka.

Kipofu asiyeweka alama hutia chumvi kwenye chai. Mimi naweka lebo kila mahali: makopo, viatu, hata mswaki. Magunia yetu manne yako mstari mmoja, tumeyachanganya kufuata jua. Yangu nimeyafunga uzi wenye mafundo matatu. Ya Perusi yana uzi wenye kifuniko cha soda. Nnaalongo mwenyewe huchuma kwa kufuata alama hizo. Basi kesho Perusi akienda mazoezi ya kwaya, nabadilisha nyuzi. Mafundo yaende kwake, vifuniko vije kwangu.

Hatari moja: harufu ya nakati haitoki vidoleni. Perusi akirudi lazima anishike mkono, na ana pua ya mbwa wa polisi. Dawa: mifuko ya plastiki mikononi! Nimejipongeza kwa sauti.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemaliza! Mifuko nilijifunga vifundoni kwa mpira. Jani sikuligusa hata moja. Nilitafuta mafundo, nikafungua. Nilitafuta vifuniko, nikafungua. Nikafunga kinyume. Perusi karudi anaimba, kanishika mkono, kanusa, kaendelea kuimba. Hakugundua kitu! Nimekula matoke sahani mbili na kujiramba.

Jumapili, 9 Machi

Mungu wangu. Mungu wangu wa mbinguni.

Wageni wamekaa kibarazani, mimi pembeni nikitabasamu kwa upole wa mshindi. Sufuria ya kwanza: vijiko vimesimama. Mama mmoja kakohoa. Kisha kaka yake Nnaalongo, mwanamume mwenye sauti ya ngoma, kamuuliza dada yake kama ameezua paa juzi, maana wanalishwa nyasi zilizobaki. Kicheko mpaka barabarani! Sufuria ya pili: vijiko vinakwaruza chini. Nnaalongo katangaza. Ya kwanza imetoka kwenye gunia la mafundo. Kwa Mwami Lubowa.

Kwangu?! Nikaropoka kwamba haiwezekani, nili... Nikajiuma ulimi. Nikaenda kwenye magunia, safari hii mikono mitupu. Mafundo matatu. Chini yake, kwacha kwacha. Kifuniko cha soda. Chini yake, jani pana kuliko kiganja.

Nimechukua shajara niandike. Kidole kimesimama. Chini ya habari za jana kuna mistari ambayo sikuiandika mimi! Nukta hafifu, za mwanafunzi, lakini kila herufi imekaa mahali pake:

Ssebo, nilikuambia mbolea iive kwanza. Nyuzi nilizibadilisha mimi kabla ya kwenda kwaya, wewe ukazirudisha kwa mikono yako. Ungevua mifuko ungejua. Nukta nilijifunza kanisani mwaka jana. Vitabu vyao vinachosha, hiki chako ni kitamu. Perusi.

Mwaka jana! Shajara hii naiandika tangu Juni! Mifuko ile! Nilijipofusha mara ya pili! Na ule ukurasa wa Krismasi, niliposifu sauti yake kwa mistari minane... Naenda kulala. Sitaki kuongea na mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Tangi limefika. Nilikuwa nimeshakumbatia gunia la kwanza, nangoja niambiwe jalala liko upande gani. Perusi akamwita Nnaalongo. Akamwambia magunia yake yeye yatundikwe ukutani kwa kamba, chini abaki Lubowa. Nnaalongo akaja juu: basi jana wageni wangu walilishwa nyasi za nini? Perusi akajibu kwamba Lubowa akiondolewa kibarazani, yeye atasoma nini?

Mafundi wa tangi wakacheka, Nnaalongo akacheka, akakubali. Mimi machozi yalinitoka. Nikasema ni vumbi la simenti.

Perusi kanipa kikopo cha mbegu mpya, na mbolea yake iliyoiva. Kasema tuanze upya, ssebo. Nimeguswa sana. Nimeguswa kwa muda wa kama saa nzima.

Halafu nikafikiri. Mtu hatoi nafasi bure! Anataka niwe karibu aibe siri ya nyanya ninazopanga kupanda. Mpango upo tayari, mkali kuliko wote, nimeuandika ukurasa unaofuata, hatua kwa hatua.

Ila safari hii nimejifunza. Shajara haikai tena kwenye benchi, ng'o! Nimeitia ndani ya debe lenye mfuniko, chini ya bomba, ambapo hakuna atakayefikiria. Na ili Perusi asipate shaka, nimebandika lebo juu ya mfuniko, nukta nimezishindilia vizuri: HUMU HAMNA SHAJARA.

Lebo ameisoma jioni kwa kidole, taratibu, mpaka mwisho. Kasema sawa, ssebo. Ameamini kabisa.