Daftari la Mtani na Vifungo vya Bi Saadiya

Jumatatu, 3 Septemba 1973

Wiki ya Sanaa imeanza hapa chuoni. Tangu asubuhi ngoma na filimbi, na vijana wanapita getini kwangu wamejipaka chokaa usoni. Mmoja kanipa shikamoo kwa sauti ya chui. Nimeitikia marahaba nikiwa nimeshafunga mlango wa kibanda.

Habari kubwa. Ndugu Eliakimu, mwanafunzi, katibu wa kamati, katangaza kwamba wafanyakazi tutashindana kwa ngonjera Alhamisi. Mshindi ataitwa Mzee wa Sanaa. Jumamosi kwenye taarabu atakaa kiti cha mbele, ubavuni kwa mgeni wa heshima. Nikauliza mgeni nani. Akasema Bi Saadiya wa duka la vitambaa kule Kariakoo, katuazima khanga za kupambia ukumbi.

Bi Saadiya! Mjane. Mimi mgane. Miaka miwili sasa, kila Ijumaa nanunua kwake kifungo kimoja. Kimoja tu, ili Ijumaa inayofuata niwe na sababu. Vifungo nimejaza mkebe wa maziwa. Mashati ninayo mawili. Neno lenyewe sijamwambia bado.

Kiti kile ni changu. Andika hapo.

Jumanne, 4 Septemba

Kasoro moja tu: kutunga sijui. Nilisoma mpaka darasa la tatu la mkoloni, nikatoka na alama nyingi za bakora kuliko alama za hesabu.

Anayejua kutunga ni Pantaleo, mpishi wetu. Naye anakitaka kiti. Lakini Mungu si Athumani: Pantaleo ni Mngoni, mimi Mmwera. Watani! Babu zake waliwakimbiza babu zangu mpaka maporini, kwa hiyo leo hii mimi nina haki ya kuchukua kitu chake na yeye hana haki ya kununa. Ndiyo mila. Mwezi uliopita kanichukulia baiskeli siku tatu, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Nililazimika.

Nimeingia jikoni mchana kweupe. Daftari lilikuwa juu ya gunia la maharage. Nikamwambia, Mngoni, hili nimeteka. Nilitegemea apige kelele kidogo. Akacheka. Akaniongezea na sahani ya wali. Akasema Mmwera ukiiba, uibe ushibe.

Wangoni wepesi kweli kuwashinda. Sijui babu zangu walikimbia nini.

Jioni nimesoma. Shairi zuri kupita kiasi! Sikujua Pantaleo ana busara hii:

Kalamu haipikiki, wala daftari si wali,
Kusoma mimi sitaki, kulala ndiyo asali.

Maneno ya kweli tupu. Beti saba, zote hivyo hivyo. Ningekuwa mtunzi, ndivyo ningetunga.

Jumatano, 5 Septemba

Beti nne ziko kichwani. Shati nimelifua kwa ajili ya kesho. Kamba ya kuanikia wameichukua vijana wa maigizo, wamefungia pazia. Nikatafuta. Kwenye ukumbi wa maonyesho kuna kinyago kirefu cha mpingo, mikono ameinua juu kama anayeomba mvua. Nikamvisha. Likamkaa vizuri kuliko mimi mwenyewe.

Niliporudi nimekuta watu wamelizunguka shati langu. Wanaliangalia mbele, wanaliangalia nyuma. Bwana mmoja mwenye ndevu anasema hapa msanii ameonyesha mvuja jasho, amechoka lakini hajakata tamaa. Lilikuwa bado linachuruzika maji. Na hayo akayasifu!

Bi Saadiya naye yupo, kaleta khanga zake. Kasimama mbele ya shati muda mrefu. Akasema vifungo hivi navijua. Ni kweli, mbele viko kumi na moja na hakuna viwili vinavyofanana. Nikajificha nyuma ya mtungi.

Nilipotaka kulivua, Eliakimu akanishika mkono. Mzee Shomari, tafadhali, liache mpaka Jumamosi, limepata zawadi ya pili.

Kesho nitavaa nini? Shati la pili nililikata jana, viraka vya lile la kwanza.

Alhamisi, 6 Septemba

Nimevaa shati la Pantaleo. Nimelichukua kwa utani. Linanuka vitunguu.

Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Mbele wamekaa waamuzi, katikati yao bwana mkubwa kutoka Elimu ya Watu Wazima. Nikajisemea, huyu lazima atalipenda, ni shairi la mambo ya kusoma.

Nikapanda. Nikaghani kwa sauti ya juu, mkono kiunoni. Kalamu haipikiki! Ukumbi ukaangua kicheko. Nikaona wamefurahi, nikaongeza madaha. Kulala ndiyo asali! Bwana mkubwa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwanafunzi mmoja kaanguka kutoka dirishani, bahati nzuri kwa nje.

Nilipomaliza ubeti wa saba Pantaleo akainuka palepale alipokaa, akanijibu bila karatasi:

Ewe mzee wa dhiki, usingizi si akili!

Akanichambua ubeti mmoja baada ya mwingine, mpaka nikabaki mifupa. Ndipo nikaelewa. Ngonjera wanajibizana watu wawili, Mjinga na Mjuzi, na Mjinga lazima ashindwe. Mimi nimeiba sehemu ya Mjinga! Ile ya Mjuzi alikuwa nayo kichwani. Hata Kasmir, msaidizi wake, alikuwa ameikataa ile yangu, kasema yeye ana heshima zake. Pantaleo kaniambia kwa furaha kabisa: tangu Jumatatu nilikuwa natafuta mjinga, mtani, na wewe ukaja mwenyewe kwa miguu yako.

Tumeshinda. Yeye ndiye Mzee wa Sanaa. Mimi bwana mkubwa kanipa mkono, kasema katika kazi yake yote hajapata kuona ujinga ulioigizwa vile. Zawadi yangu: nafasi katika darasa la kisomo, na penseli.

Kununa siruhusiwi. Mila.

Ijumaa, 7 Septemba

Habari imefika Kariakoo kabla yangu. Muuza kahawa wa Mnazi Mmoja kaniona kwa mbali, kapiga kelele: Mzee, kulala ndiyo nini? Kijiwe kizima kikamjibu: Asali!

Dukani Bi Saadiya kauliza kwa upole leo nataka cha rangi gani. Nikababaika nikanunua viwili. Vyote viwili! Sasa Ijumaa ijayo nitakwenda kwa kisingizio gani?

Lakini kichwa hakijalala. Kama mshindi ana kiti, basi kiti kisiwepo. Magharibi nimeingia ukumbini, nimekiona, cha mikono, kimevishwa foronya ya kitambaa chekundu, kimeandikwa jina la Pantaleo. Nimekibeba kichwani mpaka kibandani kwangu. Nimeteka! Kesho Mngoni atasimama kama mlingoti wa bendera.

Jumamosi, 8 Septemba

Taarabu imeanza. Niko kibandani, nimekaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote chuoni, naangalia geti. Zamu yangu. Hilo nililisahau.

Kasmir kaja kunipa habari. Pantaleo alipokosa kiti, Bi Saadiya kasema hatuwezi kumsimamisha mzee wa watu, akaomba mkeka. Wamekaa wote wawili mkekani, sinia la visheti katikati. Kiti kingewatenganisha kwa hatua nzima, kasema Kasmir. Mkeka umewasogeza.

Nimemwambia Kasmir aondoke.

Wimbo wa tatu, hodi getini. Bi Saadiya mwenyewe! Mkononi shati langu, limepigwa pasi, mbele vifungo kumi na moja vyeupe, vyote ndugu wa tumbo moja. Kavishona kwa mkono wake. Nikasimama, kiti kikaja nami, foronya ilikuwa imenasa kwenye mkanda.

Akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akasema: Mzee Shomari, vifungo vya miaka miwili, neno hata moja? Jumatatu njoo dukani. Usinunue kitu. Uje na neno lako mwenyewe, la kichwani mwako, hata likiwa bovu.

Akarudi ukumbini, mkekani. Penseli ya zawadi nimeitafuna nusu.

Jumapili, 9 Septemba

Neno langu mwenyewe! Nimekaa tangu alfajiri. Nimeandika "Bibi". Nikafuta. Nikaandika "Bibi" tena, safari hii vizuri zaidi.

Adhuhuri nikapita jikoni, bila nia yoyote. Mlango wazi. Pantaleo kanipa mgongo, anapiga mluzi, anakoroga sufuria ambayo sikuona moto chini yake. Na juu ya gunia la maharage, daftari jipya! Nje limeandikwa kwa herufi kubwa: MANENO YA KUMWAMBIA MJANE.

Wangoni hawajifunzi!

Niko nalo hapa. Mstari wa kwanza: "Bi mtukufu, mimi ni mtu niliyezoea kula vya mwenzangu bila hata kunawa." Unyenyekevu ulioje. Wanawake wanaupenda. Mistari iliyobaki sina haja ya kuisoma leo, miwani inanichosha, na mwanzo ukishakuwa mzuri hivi mwisho utaharibikia wapi?

Kesho namsomea yote dukani, kwa sauti, mbele ya wateja. Shati jeupe tayari. Vifungo vyote nimevifunga.