Chuo cha Wasimamizi Juu ya Duka la Misumari

Tangazo lilibandikwa kwenye uzio wa mabati, na mbele yake walisimama watu wanane kimya kama waliofiwa. Mkurugenzi alipita, akarudi nyuma hatua tatu, akasoma. Kampuni ya ujenzi ilisema kwamba kuanzia mwezi ujao hakuna msimamizi atakayeingia ndani ya uzio ule bila cheti cha mafunzo. Wale wanane walikuwa wasimamizi, na cheti hakuna hata mmoja aliyekuwa nacho.

Mtu mwingine angewaonea huruma. Mkurugenzi naye aliwaonea, msije mkamdhania vibaya. Aliwahurumia kwa muda wa kutosha kufunga kifungo cha koti. Jina hilo la Mkurugenzi alijipa mwenyewe. Alishakuwa mkurugenzi wa bima ya mbuzi, wa safari za ng'ambo ambazo hazikuondoka, na wa dawa ya upara aliyoinadi akiwa amevaa kofia. Katika maisha yake yote hakuwahi kukubali cheo cha chini ya hapo.

"Poleni ndugu zangu," alisema. "Bahati yenu, nafasi bado zipo."

"Nafasi za nini?" aliuliza mwanamke mmoja aliyevaa buti za mpira.

"Za chuo, mama. Mafunzo ya wasimamizi wa ujenzi, nadharia na vitendo. Nusu ya ada mwanzoni, nusu mkishika vyeti mkononi."

Mwanamke huyo aliitwa Mama Timazi, kwa sababu jicho lake liliuona ukuta uliopinda kabla fundi hajashusha kamba ya timazi kuupima. Alikuwa na miaka ishirini na miwili ya kusimamia. Maghorofa mawili ya barabara ile yalipanda chini ya sauti yake, na sasa angeachwa getini ili kijana mwenye karatasi apite. Jambo hilo lilimuuma, wala hakulificha.

"Kazi hii ndiyo mimi," aliwaambia wenzake. "Wakinitoa hapa, nikiamka asubuhi sijui niende wapi."

Wakalipa. Chuo kilifunguliwa baada ya siku mbili katika chumba cha juu ya duka la misumari, chenye mabenchi matatu na ubao uliokuwa mlango zamani. Mkurugenzi alisimama mbele na pima maji mpya, kile kifaa cha kupimia kama ukuta umelala sawa, akakitumia kuonyeshea herufi.

"Msimamizi ni macho, si mikono," alitangaza. "Andikeni. Msimamizi akishika koleo, ameshafeli."

Wakaandika. Kisha Mzee Zege, aliyekuwa akimwaga zege tangu Mkurugenzi hajaota meno, akanyoosha mkono. "Mwalimu, nguzo ya kona ikishamwagwa zege, tuivue mbao baada ya siku ngapi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Tabia ya nguzo yenyewe," alisema Mkurugenzi, na darasa zima likashikwa na kikohozi.

Walipotoka, Mzee Zege alianza kukunja mikono ya shati. "Huyu bwana hajawahi kubeba hata ndoo ya mchanga. Twendeni tukamshike koo, aturudishie vyetu."

"Subiri kwanza, mzee wangu," alisema Mama Timazi. "Unaona hajui kitu kabisa?"

"Kabisa kabisa."

"Basi asiguswe."

Kesho yake asubuhi Mama Timazi alikwenda ofisi ya ufundi, ile inayotoa vyeti vya kweli, akarudi na fomu nane na uso wa mtu aliyelala vizuri. Mchana akanyoosha mkono darasani. "Mwalimu, vitendo vinaanza lini? Maana ile nusu ya pili inangoja vitendo."

Mkurugenzi alikuwa amepanga kuhama mji kabla ya kufika huko. Lakini nusu ya pili ilimnong'oneza sikioni. Akasema vitendo viko mbioni, kinachokosekana ni kiwanja tu.

"Kiwanja kipo," alisema Mama Timazi. "Uani kwa dada yangu, yule mshonaji. Tujenge chumba kimoja, msingi hadi paa. Chuo kilete saruji."

Chuo kikaleta saruji, mchanga, matofali na mabati, na nusu ya kwanza ya ada ikaishia humo. Mkurugenzi hakujali; mvuvi hahesabu chambo, alijiambia, naye alikuwa akijiambia mambo mengi siku zile. Siku ya kwanza uani, wasimamizi wanane walisimama kuzunguka rundo la mchanga, mikono nyuma. Hakuna aliyeinama.

"Anzeni basi," alisema Mkurugenzi.

"Tumeshaanza. Tunasimamia," alisema Mzee Zege. "Msimamizi akishika koleo, si ameshafeli?"

"Nitaleta kibarua wa kukodi."

"Hafai huyo, mwalimu," alisema Mama Timazi kwa upole. "Atakuja na mazoea yake, tutajuaje kama tumemfundisha sisi? Anatakiwa mtu asiyejua kitu, na mtaa huu kila mtu ameshachanganya udongo. Ila wewe ni msomi. Huwezi kutuigizia mtu asiyejua?"

Mkurugenzi alifikiri. "Kuigiza naweza," alisema, akavua koti.

Aliigiza kwa ustadi ambao sijaona mfano wake. Alishika koleo kichwa chini. Alimwaga maji kabla ya saruji. Alisukuma toroli la matofali likampeleka lilikotaka lenyewe. Na kila alipokosea, Mama Timazi alikuwa pembeni yake, bila kupaza sauti. "Inama na magoti, mwanangu, mgongo huo ni mmoja tu. Hapo umejaza maji mengi. Shika zege uone, linateleza. Tena." Wiki tatu akasema tena, na tena. Wiki ya pili Mkurugenzi alijikuta akimkemea Mzee Zege kwa kukanyaga mchanga uliochekechwa.

Lipu ya mwisho ilipokaa, akaja bwana mmoja mwenye faili na kofia ngumu. Alikuwa mkaguzi wa ofisi ya ufundi. Alizunguka chumba, akagonga kuta, akapanda kuangalia paa, kisha akamgeukia Mkurugenzi, aliyejaa saruji hadi kwenye nyusi.

"Wewe ndiye kibarua wao? Lipu hii mmechanganyaje?"

"Ndoo moja ya saruji, nne za mchanga," alijibu Mkurugenzi. Mdomo ulishatangulia.

"Na ukuta ukishashika, kwa nini unaumwagia maji?"

"Ili usiharakishe kukauka. Ukikimbizwa na jua unapasuka nyufa nyembamba kama nywele."

Mkaguzi akaandika. "Safi sana. Wasimamizi wazoefu hatuwapeleki darasani," alimweleza. "Tunakagua jengo walilolisimamia, na mtu mmoja waliyemfundisha kutoka sifuri. Wengi wanashindwa kumpata mtu wa sifuri." Akamgeukia Mama Timazi. "Huyu alikuwa anafanya kazi gani kabla?"

"Alikuwa mkurugenzi wa chuo."

Mkaguzi alicheka hadi faili likamponyoka. Kisha akagonga mihuri minane, akaondoka. Mama Timazi alishika cheti chake kwa vidole viwili, kama kitu kibichi, akalia kidogo bila aibu.

"Mmeniibia," alisema Mkurugenzi.

"Tumekuibia nini?" Mama Timazi akajifuta macho. "Saruji ni ya hela zetu. Mikono ni yako, unaondoka nayo."

"Na nusu ya pili ya ada?"

"Si ulisema tulipe tukishika vyeti? Tumemlipa aliyetupa."

Mkurugenzi alifungua kinywa chake maarufu kuanza hotuba. Mama Timazi alikuwa tayari anaelekea getini.

"Jumatatu nahitaji mtu wa zege," alisema. "Saa moja kamili, siyo na dakika. Na ule ukuta wa nyuma haujapata maji tangu asubuhi."

Mkurugenzi alikuwa ameshajaza ndoo na kufika nusu ya uani alipokumbuka kwamba chuo kimefungwa. Akasimama kidogo. Akautazama ukuta, akaona unavyoanza kukauka pembeni, akauwahi.