Sungura Namba Saba na Uso wa Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Haya, umekumbuka leo kwamba una bibi! Tangu mvua zilizopita hujakanyaga hapa. Simu, simu, simu. Simu inanishika mkono? Ulininunulia daftari hili ukasema, Bibi, andika kila kitu, nikija nitasoma. Basi keti usome. Na uvue hivyo viatu kwanza, nimepiga deki.

Mwandiko usinicheke. Shule sikukanyaga hata siku moja. Herufi nimezijulia uzeeni, pale maabara ninaposafisha, kwenye kadi za vizimba vya sungura. Sungura kumi na wawili, kadi kumi na mbili. Moja ndiye aliyenifundisha M. Tatu akanipa T. Kila asubuhi nasugua kizimba, narudisha kadi, nasoma. Miaka miwili hivyo.

Sasa sikiliza balaa. Mkuu wa maabara, yule daktari ninayemwita Miwani kwa sababu huitafuta akiwa ameivaa, ametangaza jaribio jipya. Mafuta ya kuondoa mikunjo usoni! Moja hadi Sita wamenyolewa mgongoni na kupakwa. Saba hadi Kumi na Mbili hawapakwi, ni wa kulinganishia. Ijumaa wote wanamalizwa, ngozi zao zikachunguzwe. Nikauliza, hata wasiopakwa? Hata wao.

Saba! Saba wangu anayetafuna kamba ya aproni yangu! Saba anayepiga mguu chini, du, du, kila Miwani akiingia!

Nikamfuata Miwani papo hapo. Nikamwuliza sungura ana mikunjo gani. Mwenye mikunjo hapa ni mimi. Anipake mimi, uso mzima na shingo juu yake. Akanijibu kwa adabu kwamba haiwezekani. Binadamu lazima kwanza aelezwe, aelewe, akubali, atie saini. Nikamwuliza Saba alitia saini wapi. Akacheka, akasema ni swali zuri sana, akaenda kunywa chai.

Nikabaki na ndoo na swali langu zuri.

Lakini mpango ninao. Saba hafi Ijumaa. Andika hilo. Nimeshaandika.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Mwepesi mpaka nilijicheka njiani!

Pale maabara asiye na kadi hayupo. Mwaka jana kadi ya Tisa ilidondoka kwenye maji ya sabuni ikapotea. Siku mbili nzima watu wenye digrii walipita mbele ya Tisa wakisema kizimba ni kitupu. Na yeye anawatazama! Basi leo nikaichomoa kadi ya Saba nikaitia kifuani. Hana kadi, hayupo. Hayupo, hafi.

Saa tano Miwani akaja kuhesabu. Akafika kwa Saba, akasimama, akamgeuza sikio. Namba! Ndani ya sikio, kwa wino! Kumbe baada ya kisa cha Tisa waliwaandika wote. Nami masikio hayo nayakuna kila siku, tena kwa nje tu. Akaandika kadi mpya kwa nusu dakika.

Tena mgawa chakula alipopita asubuhi hakuona kadi, akaruka. Saba akashinda njaa kwa akili zangu mimi. Nikampa karoti yangu ya mchana. Akala, akaitafuna na kamba ya aproni.

Jioni nilipovua nguo nikakuta wino wa kadi umegandia jasho. SABA, kifuani pangu, kinyumenyume. Nimesugua, haitoki.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili. Huu ulihitaji moyo.

Getini tuna mlinzi, namwita Kufuli. Tangu nilipomwambia mbele za watu kwamba shati lake linalilia pasi, hunipekua mfuko kila nikitoka. Anafungua mpaka kitambaa cha makamasi. Lakini mwilini hathubutu, mimi ni mtu mzima. Kwa hiyo: Saba chini ya aproni, amefungwa kwa khanga, mimi natembea taratibu nikiwa nimeshika kiuno.

Kufuli akanitazama tumbo. Akanipa pongezi. Akauliza ina miezi mingapi. Miaka sabini na moja niliyo nayo! Nikamwambia ni gesi. Gesi ikapiga teke. Akasema gesi hiyo ina miguu. Nikamwambia kwao hawakumfundisha kunyamaza mbele ya wakubwa. Hapo Saba akatoa sikio moja juu ya mkanda, kama mtu anayechungulia dirishani.

Nikapelekwa kwa Miwani. Nilijiandaa kwa kelele, majibu nilikuwa nayo tele. Hakupiga kelele. Akanivutia kiti. Akaniuliza vile vidonge vyeupe vya presha ninavyomeza kila asubuhi pale kwenye sinki, je, nadhani vilifikaje kinywani mwangu? Akasema kabla yangu vilipita kwa panya, kwa sungura, kwa mbwa. Wengi, na hawakurudi nyumbani. Ndiyo maana mimi nipo, nabeba sungura tumboni, namtukana mlinzi wake.

Nikakosa neno. Mimi! Kunja ukurasa huu ncha, hutauona tena wa namna hiyo.

Alhamisi, 6 Machi

Leo sikumeza kidonge. Nilisema kama ndivyo, basi sitaki.

Saa nne vizimba vikaanza kuzunguka, na mimi ndani yake. Nikayumba na ndoo yangu hadi getini, karibu nianguke. Aliyenidaka ni nani? Kufuli! Akanikalisha kwenye kiti chake, akanipepea kwa daftari la wageni, akaniita bibi kwa sauti niliyokuwa siijui. Nilichukia kila dakika yake. Kiti chenyewe kina msumari.

Nikarudi ndani, nikatoa kidonge, nikasimama mbele ya Saba, nikameza anaona. Nikamwambia asante na samahani, vyote kwa mpigo. Aliendelea kutafuna. Kama amesamehe au ana njaa, sijui. Nililia kidogo. Usimwambie mama yako.

Halafu nikashtuka! Presha ni presha, inaua. Lakini mikunjo? Nani aliwahi kuzikwa kwa mikunjo? Mimi ningeshazikwa mara tano! Basi mafuta haya yajaribiwe kwa watu, yakionekana yalivyo, Saba wa kulinganishia nini tena?

Mpango wa tatu, baba lao! Nikachota mafuta kwenye kifuniko cha chupa, nikakificha ndani ya kilemba. Kufuli akapekua mfuko, akaniambia nikapumzike. Alikuwa mpole, maskini.

Jioni nikajipaka shavu. Nikangoja mpaka vyombo vikaoshwa. Hamna kitu. Lakini ngozi yangu imezoea dunia, si kipimo. Na Miwani husema kila siku kwamba mmoja hatoshi, na lazima wawepo wa kupakwa na wasiopakwa. Nikapanga kitaalamu. Wa kupakwa: mimi na baba yako, maana tunaishi nyumba moja. Yaliyobaki nikayachanganya kwenye kopo lake la mafuta anayopaka akimaliza kunyoa. Asiyepakwa: mama yako. Mwanangu ni mwanangu.

Kama nilimweleza baba yako? Angekataa. Au angekubali, halafu akauliza maswali mpaka Ijumaa ipite.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu wangu! Mungu wangu!

Nilikuwa nimekaa mezani tangu alfajiri, nasubiri matokeo. Mlango wa bafu ukafunguliwa. Uso wa baba yako! Mto wa kulalia! Jicho moja limefunga duka, mdomo umehamia upande. Lakini adabu yake huijui? Mkwe wangu yule, hata nyumba ikiungua atanisalimu kwanza. Shikamoo, Mama, akasema, ikasikika kama mtu aliye ndani ya pipa la maji. Mama yako akapiga mayowe. Mimi, najua ni vibaya, nikapiga makofi.

Ushahidi!

Nikamwambia ni mdudu amemuuma, na kwamba namjua daktari wa wadudu. Nikamshika mkono mpaka maabara, mbio, viatu mkononi, maana wangeanza kazi saa mbili. Getini Kufuli alitafuta sheria inayokataza kuingia na mkwe aliyevimba. Hakuipata. Akafungua geti kwa mikono yote miwili, mara ya kwanza katika miaka miwili.

Nikaingia nikipaza sauti kwamba asimguse Saba. Miwani alikuwa ameshavaa glavu. Akamwona baba yako. Akavua miwani, akaivaa, akaivua tena. Akaenda akatazama migongo ya Moja hadi Sita. Safi! Hata kidoa hakuna! Sungura sita walisema mafuta ni salama, uso mmoja wa mkwe ukasema si salama.

Akampiga baba yako sindano ya kushusha uvimbe. Kisha akamwuliza, kwa sauti ndogo, kama alielezwa na akakubali. Nikajibu mimi: hata Saba hakukubali! Baba yako akageuza uso wote ule akanitazama kwa jicho lake moja. Ndipo alipojua kwamba hakuna mdudu.

Lile jicho. Tuliache.

Saa sita jaribio likasimamishwa. Ushindi! Saa sita na robo nikafukuzwa kazi. Nilitoka nikiimba.

Jumamosi, 8 Machi

Wasiopakwa hawana kazi tena, maana hakuna cha kulinganisha. Miwani akasema anayetaka aje amchukue mmoja kwa kutia saini. Nilikuwa getini kabla ya jua.

Waliopakwa hapana. Nilibishana mpaka sauti ikaniisha. Akasema sasa ndiyo lazima ngozi zao zitazamwe, ijulikane kwa nini hazikusema kitu, asije mtu mwingine akavimba. Alisema hivyo bila kunitazama, na miwani yake ilikuwa na ukungu.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Nimewaandika hapa mmoja mmoja, kwa herufi walizonipa wenyewe.

Karatasi ya Saba Miwani alitaka kunisomea. Nikamwambia anipe, najua kusoma. Imeandikwa: sitamfanyia mnyama huyu jaribio la aina yoyote. Nikatia saini. Saini yangu ya kwanza tangu nizaliwe! Imepinda kidogo, lakini ni yangu. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa nani? Kufuli, anajifanya anakagua ukuta. Amemchukua Nane. Ameondoka naye ndani ya kofia.

Jioni tukala pamoja. Uso wa baba yako umeshuka nusu. Alipomaliza akaweka kijiko, akasema taratibu, Mama, ungeniuliza tu. Kwa ajili ya sungura wako ningekubali.

Makofi yale ya jana yote yakanirudi masikioni. Nikamwomba radhi, nikamlilia kabisa, akanipa kitambaa chake. Nikamwapia mbele ya mama yako: sitampaka tena mtu yeyote kitu chochote kabla ya kumwuliza. Na nilikuwa namaanisha.

Jumapili, 9 Machi

Mjukuu wangu, nimegundua dawa!

Sina kazi, nimekaa, magoti yananiuma kwa zile mbio za Ijumaa. Nikajiambia, kama yule Miwani wa chai anaweza kutengeneza mafuta, mimi jikoni nashindwaje? Mafuta ya mgando, kitunguu saumu, pilipili ya unga, na kitu kimoja ambacho sikitaji hapa. Mama yako amefungua madirisha yote. Mafuta ya magoti! Nimeshapaka langu la kulia. Limekuwa jekundu na linawaka, ina maana yanafanya kazi. Lakini ngozi yangu si kipimo, tumeshaona. Na mmoja hatoshi.

Saba yuko chini ya kitanda changu, ananisikiliza. Haguswi! Nilitia saini. Baba yako nimemwapia, na nikiingia chumba anatoka na kopo lake la mafuta. Mama yako ni mwanangu. Kufuli nilimwuliza vizuri, mbele ya Nane, akasema ana zamu. Siku zote.

Niliapa kumwuliza mtu kwanza. Basi nakuuliza wewe. Umeelezwa, ukurasa kwa ukurasa. Umeelewa, kusoma umesoma. Na umefika hapa hujasema hapana.

Kwa hiyo safari ijayo usikae miezi. Njoo asubuhi, umeshiba, magoti makavu bila mafuta ya dukani. La kushoto tutalipaka, la kulia hatulipaki, tulinganishe. Ukifika usibishe hodi, chukua kwanza kadi yako, nimeitundika kwenye kitasa cha mlango. Ivae shingoni, nisije nikakuchanganya na mgeni. Wewe ni Kumi na Tatu.